Matao ya Krismasi: nyeupe ipi, na kwa nini taa za mwaka jana hazikufanana?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Mwaka huu jumuiya yetu ndiyo imepewa kupamba njia ya kutoka getini hadi mlango wa kigango kwa ajili ya Krismasi. Tutatengeneza wenyewe matao saba ya mabomba ya plastiki, tuyavalishe taa nyeupe za LED. Mwaka jana taa zilinunuliwa maduka matatu tofauti. Zilipowashwa, matao mengine yakawa ya kibuluu, mengine ya njano, moja likawa linapepesa hadi macho yanauma. Mvua ya kwanza ikazima mawili. Safari hii watu wamechanga na mimi ndiye ninayeshika fedha. Tununue nyeupe ipi, ngapi, na ziwe za umeme wa moja kwa moja, za adapta au za sola?*

Marahaba, mwalimu. Hata kama tungekutana kwenye daladala na ukashuka kituo kinachofuata, hili ningehakikisha nimekuambia: nunueni nyuzi zote za taa siku moja, duka moja, kutoka katoni moja. Saba za matao na mbili za akiba. Mkilishika hilo, hata mkikosea mengine, njia yenu itapendeza. Macho ya mtu hayasumbuliwi sana na weupe wa aina hii au ile. Yanasumbuliwa na weupe wa aina mbili uliosimama pamoja. Tao la kibuluu likiwa peke yake ni zuri tu, lakini ukiweka la njano pembeni yake, moja litaonekana limechakaa na jingine linaonekana kama taa ya wodini.

Sababu iko ndani ya taa yenyewe. Hakuna chipu ya LED inayotoa mwanga mweupe. Kilichomo kwenye hizi nyeupe tunazonunua ni chipu ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano unaoitwa fosfa. Buluu inapopita kwenye unga ule, sehemu yake inageuka manjano, na mchanganyiko wa buluu na manjano jicho linausoma kuwa mweupe. Ndiyo maana taa nyeupe za LED zilichelewa kuja ilhali nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960: ilibidi kwanza ipatikane buluu yenye nguvu. Walioipata, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Sasa fikiria kiwanda kinachopaka unga huo kwenye mamilioni ya vichipu. Unga ukizidi kidogo, taa inaelekea unjano, na ukipungua inaelekea ubuluu. Viwanda makini huzipima taa na kuzitenga kwa makundi kabla ya kuziuza. Wenye kutengeneza nyuzi za bei rahisi hununua makundi yoyote yaliyobaki, ya leo na ya mwezi ujao hayafanani. Kwa hiyo boksi mbili zenye picha ileile, maneno yaleyale na bei ileile zinaweza kuwa na weupe tofauti kabisa. Ulichokiona mwaka jana hakikuwa uzembe wa aliyenunua. Maduka matatu maana yake ni makundi matatu au zaidi.

Sasa nyeupe ipi. Weupe wa taa hupimwa kwa kelvini, na namba yake kwa kawaida imeandikwa ubavuni mwa boksi ikiwa na herufi K mbele yake. Kuanzia 2700 hadi 3000 ni nyeupe ya joto, inayofanana na mwanga wa balbu za zamani za waya. Karibu na 4000 ni nyeupe ya katikati. Kuanzia 5000 hadi 6500 ni ile ya baridi, yenye kuelekea ubuluu. Namba inapopanda, mwanga unapoa, jambo ambalo huwachanganya wengi. Uwe mwangalifu na lugha ya dukani pia. Ukienda maduka ya umeme pale Majengo ukaomba taa "nyeupe", wengi watakupa ya baridi bila kukuuliza. Ile ya joto wao huiita "wom", na wengine huiita "njano" tu. Kwa hiyo usiombe kwa jina, omba iwashwe uione.

Kwa matao yenu ningechukua ya joto, 2700 au 3000, na sisiti. Matao hayo watu watapita chini yake, watoto watasimama hapo kupigwa picha na nguo mpya. Mwanga wa kibuluu ukipiga ngozi yetu, uso unaonekana kama umepakwa majivu, wakati wa joto unaitoa ngozi na rangi yake. Halafu kuna kumbikumbi. Unajua mvua za kwanza za Desemba zinavyowatoa ardhini jioni, wakajaa kwenye kila taa ya mtaa. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu nyingi. Taa ya joto haiwafukuzi, lakini haiwaiti kwa nguvu ileile. Kwenye njia ambayo waumini watapita na nguo za sikukuu, hilo si dogo.

Ya baridi nayo ina mahali pake, ila pawe mahali pamoja tu na pawe pa makusudi: nyota. Kama mnaweka nyota juu ya mlango wa kigango, ivalisheni zile za kibuluu za mwaka jana ambazo bado zinawaka vizuri. Matao ya joto yanampeleka mtu mbele, na nyota ya baridi inamsubiri mwisho wa njia. Tofauti ya rangi iliyokuwa kasoro hapo inakuwa pambo.

Kuhusu umbo la taa zenyewe, shika uzi mkononi utazame vichwa. Kuna vyenye ncha kama risasi: hivyo hutupa mwanga mbele tu, na mtu akisimama pembeni anaona giza. Kuna vyenye kichwa kilichobonyea katikati kama kisahani kidogo. Hivyo hutawanya mwanga kila upande, na kwenye tao ambalo uzi unazunguka bomba, ndivyo unavyovitaka, maana huwezi kuelekeza kila kitaa kimoja kimoja. Tazama pia kama kitaa kimeunganishwa moja kwa moja na waya wake kwa plastiki iliyoyeyushwa, au kinachomoka. Vinavyochomoka vina miguu myembamba ya chuma ambayo hushika kutu kwa unyevu baada ya mvua chache, na kimoja kikikatika kipande kizima kinazima. Nyuzi zile nyembamba za waya wa shaba wenye nukta za mwanga ni nzuri mezani au ndani ya chupa. Nje, kwenye upepo na mikono ya watoto, zitakatika.

Sasa ngapi. Kwa kuwa watu watapita chini, tao liwe na upana wa mita 2.4 hivi na miguu iliyonyooka karibu mita moja kabla ya kuanza kupinda. Nusu duara ya upana huo ina urefu wa mita 3.8, ukijumlisha miguu miwili unapata karibu mita 6. Hayo ni mabomba mawili ya konduti ya umeme ya milimita 20, yale ya mita tatu tatu. Msiunge katikati, kwa sababu kiungo kikikaa juu kabisa ndipo tao litavunjika shingo. Kateni bomba moja nusu, zima likae juu, nusu mbili ziwe miguu. Miguu ivikwe kwenye vipande vya nondo vilivyopigiliwa ardhini, na ardhi yetu ilivyo ngumu kiangazi, mwagieni maji mahali hapo jioni ya siku iliyotangulia.

Uzi ukizungushwa kwenye bomba la milimita 20, kila mzunguko ukipishana sentimita 5 na uliotangulia, kila mita ya bomba inakula mita 1.6 ya uzi. Mita 6 zinakula 9.6. Kwa hiyo uzi wa mita 10 wenye taa 100 unatosha tao moja barabara, na utapata taa 16 hivi kwa kila mita, kiasi ambacho tao linaonekana kama mstari wa mwanga na si kama nukta zilizotawanyika. Akikuambia mtu sentimita 10 zinatosha, atakuokolea uzi lakini tao litakuwa na mapengo ukiwa karibu. Kazeni uzi kwa vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, na mchague vyeusi, jua la hapa hukausha vyeupe haraka vikakatika. Waya wa uzi uwe mweupe au usio na rangi ili mchana usionekane kwenye bomba jeupe.

Naja kwenye umeme, na hapa naomba unisikilize kuliko pengine popote. Nyuzi nyingi za bei nafuu ni za volti 220 moja kwa moja. Ndani yake taa zimepangwa mfululizo, kila moja ikichukua volti 3 hivi, ndiyo maana zinaweza kuhimili umeme wa nyumbani bila adapta. Maana yake ni kwamba waya ule mwembamba kama uzi wa kushonea, unaoning'inia usawa wa mkono wa mtoto wa chekechea, umebeba umeme uleule wa soketi. Ngozi ya waya ikichubuliwa na kifungo, au panya akiutafuna stoo, na mvua ikanyesha, tao lako ni mtego. Kwenye dari, ndani, palipo juu, nazikubali. Kwenye njia ya kupita watu, nje, mwezi wa mvua, hapana.

Tena usikubali mtu azikate kuzifupisha. Nilipokuwa nikijifunza kazi, jirani aliniomba nipunguze uzi ufae dirisha lake. Nilikata taa thelathini nikaunga nyaya, na zilizobaki ziliwaka kwa uzuri wa ajabu kwa muda mfupi, kisha zikaungua zote. Volti zilizokuwa zikigawanywa kwa taa nyingi zilibebeshwa chache. Bahati njema ziliungua taa tu, pazia lilikuwa karibu.

Kwa hiyo chukueni za adapta, kile kiboksi cha kwenye soketi kinachoshusha umeme, zinazotumia volti 24 au 31, na ziwe za kuunganishika, uzi mmoja ukiingia kwenye mwingine. Hilo la pili ni muhimu kuliko linavyosikika. Kama kila uzi una adapta yake, mtalazimika kupitisha ekstensheni ya umeme mkubwa kwenye njia nzima ili kila tao lipate soketi, na hatari mliyoiepuka juu itakuwa imerudi chini, kwenye tope. Mkiwa na za kuunganishika, adapta mbili zinatosha: moja chini ya baraza la kigango ilishe matao manne, nyingine kibandani getini ilishe matatu. Uzi wa taa 100 kwa kawaida hula wati 6 hivi, kwa hiyo manne yanakula 24. Chukueni adapta ya wati 30 au zaidi, isifanye kazi hadi jasho la mwisho. Someni pia kwenye boksi nyuzi zinazoruhusiwa kuunganishwa kwa adapta moja, msizidishe. Na pale ambapo waya wa kutoka tao hadi tao unabidi kurefushwa, msitumie waya mwembamba wa spika, kwa sababu volti ndogo hupotea njiani upesi na tao la mwisho litawaka kwa unyonge. Waya wa milimita 1.5 unafaa.

Soketi zitakazolisha adapta hizo ziwe nyuma ya kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Mafundi wengi hukiita RCD. Kama kigango hakina, jumuiya itafute fundi mwenye leseni ya EWURA akifunge. Hiyo kazi itabaki kuhudumia kigango miaka mingi baada ya matao kuondolewa.

Mvua iliyoua matao mawili mwaka jana, nina hakika haikupitia kwenye taa. Hupitia kwenye maungio na kwenye kile kiboksi cha kubadili mitindo ya kumeta. Tafuteni alama ya IP kwenye boksi. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 inavumilia maji ya kurushiwa, IP65 haipitishi vumbi kabisa na inavumilia hata maji ya bomba la mpira. Kwa Dodoma, ambako vumbi la miezi saba linakutana na mvua ya ghafla ya radi, nawashauri IP65 kwa matao ikipatikana, na IP44 iwe ndiyo ya chini kabisa. Adapta zenyewe zikae ndani bila kujali zimeandikwa nini. Maungio kati ya nyuzi yasilale ardhini, na msiyafunge kwa mfuko wa nailoni ulioviringwa, kwa kuwa joto la mchana hulifanya jasho likusanyike ndani. Kateni kitako cha chupa ya maji, livalisheni ungio kama kofia, mdomo wa chupa juu umezibwa kwa utepe wa umeme, chini pawe wazi. Waya unaoingia uning'inie kidogo chini ya ungio kabla ya kupanda, ili matone yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kuhusu lile lililokuwa linapepesa: umeme wetu hufanya mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kwa sekunde, na nyuzi zilizotengenezwa kwa ubahili hutumia nusu tu ya kila mzunguko, zikizimika na kuwaka mara 50 kila sekunde. Wengine hawalioni, wengine huumwa kichwa. Jaribu dukani kwa simu: rekodi uzi unaowaka kwa ile video ya mwendo wa polepole. Ukiona unazimika kabisa na kuwaka, uache. Au uzungushe haraka gizani, mbaya utaacha nukta nukta hewani, mzuri utaacha mstari. Wengi watakaofika kigangoni watakuwa na simu mkononi, na taa za kupepesa huacha mistari ya giza kwenye video.

Sola sikuzikataa, ila si kwa kazi hii. Kipaneli kidogo cha uzi mmoja na betri yake ndogo huanza jioni kwa nguvu na kufifia kadiri usiku unavyokwenda, na siku ya mawingu hufifia mapema zaidi. Misa ya mkesha inapoisha, ndipo mnapozihitaji, zitakuwa zimechoka. Mkizitumia kwenye miti ya pembeni, sawa. Paneli zielekezeni kusini kidogo, si kaskazini. Desemba jua la adhuhuri linakuwa upande wa kusini mwa Dodoma. Na zilale mteremko, mvua iweze kusafisha vumbi.

Mzee wa jumuiya akiuliza LUKU itakuwaje, mwonyeshe hesabu hii. Nyuzi saba ni wati 42. Zikiwashwa saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, zinakula robo ya uniti kwa usiku. Kuanzia 16 Desemba, siku ya kwanza ya novena, hadi 6 Januari, ni uniti tano na nusu hivi. Taa za zamani za balbu za waya, kwa idadi ileile na muda uleule, zingekula karibu uniti 37.

Dukani, basi, usitoe fedha hadi muuzaji amefungua katoni na kuwasha nyuzi tatu kwa mpigo, moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini. Ziweke sambamba juu ya karatasi nyeupe na uzitazame kwenye kivuli, si juani. Kama mojawapo inatofautiana, katoni hiyo si yako. Kama mnaagiza Dar na mtu anazileta na treni, mwambie afanye hivyohivyo kabla hajapanda, kurudisha ni kazi. Zikifika, ziwasheni zote ndani usiku kucha kabla ya kuzifunga kwenye matao. Taa mbovu kwa kawaida hufa mapema, na ni nafuu zifie mezani, risiti ikiwa bado mkononi.

Pima njia kwa hatua, uniandikie umbali wa tao hadi tao na ilipo soketi ya kigango. Nikishajua hivyo viwili nitakuambia waya wa kurefushia ununue mita ngapi.